Mazoezi ya kuongeza uume: nivute kwa nguvu kiasi gani, na dini inasemaje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 27, nimeoa. Tangu shule ya bweni wenzangu walikuwa wakinicheka bafuni na kuniita kibamia, na jambo hilo halijanitoka moyoni. Nimejipima, uume ukisimama ni sentimita 12. Miezi kadhaa sasa nafanya mazoezi ya kuuvuta, kwa mkono na kwa kuning'iniza uzito. Wanaofundisha mtandaoni hawakubaliani: huyu anasema nusu kilo yatosha, yule anasema bila kilo tatu hupati kitu. Nilipofika kilo mbili nikaanza kuhisi ganzi kwenye kichwa cha uume. Ni nguvu kiasi gani iliyo salama na yenye kuleta matokeo? Na je, hili si sawa na kunyanyua vyuma gym ili kukuza misuli, jambo ambalo sijasikia sheikh akilikataza? Mke wangu hajawahi kulalamika.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, kabla ya hukumu yoyote: acha. Usining'inize kitu tena, na nenda hospitali ukamwone daktari wa njia ya mkojo, umweleze yote bila kupunguza. Ganzi ni dalili kwamba mshipa wa fahamu umebanwa au damu haipiti vizuri. Ukiona rangi imebadilika kuwa bluu au nyeusi, au uume umesimama zaidi ya saa nne bila kulala, usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Na usione haya kuuliza. Mwanamke aliyekuwa mke wa Rifaa al-Quradhi alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kulalamika kuhusu mume wake mpya, Abdurrahman bin Zabir, akasema alicho nacho ni kama ncha ya nguo. Abu Bakr alikuwa amekaa hapo hapo. Khalid bin Said, aliyekuwa mlangoni, aliona ni aibu, akataka mwanamke yule akemewe. Mtume hakuzidisha zaidi ya kutabasamu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Sasa nije kwenye mfano wako wa gym. Umejaribu kufanya qiyasi, yaani kulipa jambo hukumu ya jambo jingine linalofanana nalo, lakini ni qiyasi yenye tofauti kati ya pande mbili, na wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya fiqhi, hawaikubali. Msuli wa mkono hukua kwa kufanyishwa kazi. Uume si msuli wa namna hiyo. Ndani yake kuna mirija ya nyama laini inayojaa damu, na imezungukwa na utando mgumu. Uume ukilala, utando huo una unene wa takriban milimita 2. Ukisimama unatanuka na kubaki chini ya nusu milimita. Ukiuvuta au kuukunja kwa nguvu wakati huo, unaweza kupasuka, na hapo ni upasuaji wa dharura. Hata usipopasuka, michubuko midogo ya ndani ikipona huacha kovu, na kovu hupindisha uume na kuleta maumivu. Madaktari wanauita ugonjwa wa Peyronie. Yaani unatafuta kurefusha, unapata kupinda.

Umeuliza kipimo, na sitakukwepa. Vipo vifaa vya kuvuta vinavyotumika kama tiba, hasa kwa wagonjwa hao wa Peyronie. Nguvu yake ni ndogo, kwa kawaida kati ya gramu 600 na 1,500, huongezwa polepole, uume ukiwa umelala, na mgonjwa anafuatiliwa. Katika utafiti mmoja wa Italia uliochapishwa 2009, wanaume wachache walivaa kifaa kama hicho angalau saa nne kila siku kwa miezi sita. Wastani wa kilichoongezeka, uume ukinyooshwa, ni sentimita 1.7, unene haukubadilika. Ama pampu ya kufyonza hewa, madaktari wa Tehran waliijaribu kwa wanaume 37, dakika 20 mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, na majibu yao ya 2006 ni kwamba hakuna ongezeko la maana. Kuhusu kukamua kwa mkono na kuning'iniza mawe, hakuna kiasi cha nguvu kilichothibitishwa kuwa salama. Hizo kilo tatu ni maneno ya mtu. Wala usizichukue gramu nilizotaja ukazifunga kwa kamba nyumbani: kifaa cha tiba hushika kwa mkanda mpana ulioundwa kwa kazi hiyo, na kamba hukata damu hata kwa uzito mdogo.

Mtume (s.a.w.) amesema kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini, yaani atalipa alichokiharibu. Wameipokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Huyo wa kilo tatu utampata wapi akulipe? Hata jina lake la kweli hulijui. Na hao wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme, “kuongeza maumbile, siku saba”, ni hao hao tu, ila wana namba ya simu.

Ama hukumu yenyewe. Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 195: wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo. Na Mtume amesema: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mazoezi ya nguvu kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, kama ulivyoyafanya, hayajuzu kwa sababu ya madhara haya. Mimi sikuyakataza kwa hoja ya kubadili maumbile peke yake, ingawa wapo wanaoianza hapo kwa aya ya 119 ya Suratun Nisaa. Hadithi ya Ibn Masud inawalaani wanawake wanaochanja chale mwilini na kutenganisha meno “kwa ajili ya uzuri”, na sharti hilo lina uzito wake. Kuondoa kasoro ni jambo jingine: Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikamnukia vibaya, Mtume akamwamrisha aweke ya dhahabu. Kwa hiyo daktari akikukuta na uume uliopinda, au mdogo kwa kipimo cha kitabibu, ambacho kwa mtu mzima ni kama sentimita 7 na nusu kushuka chini ukinyooshwa, na akakuandikia kifaa, kitumie bila wasiwasi. Hiyo ni tiba, na tumeamrishwa kujitibu.

Lakini wewe una kasoro gani? Mwaka 2015 watafiti wa London walikusanya vipimo vya wanaume 15,521, na wastani wa uume uliosimama ulikuwa sentimita 13.12. Wewe na wastani mmepishana kwa upana wa kidole. Tazama na fiqhi. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamezungumza juu ya mume aliyekatwa dhakari, ni lini mke ana haki ya kuvunja ndoa. Wakasema: ikiwa kimebaki kiasi cha hashafa, yaani kichwa cha uume, na anaweza kuingilia kwa hicho, mke hana khiyari, yaani hana haki ya kuchagua kuvunja ndoa. Josho, mahari kamili, aliyeachwa talaka tatu kuhalalika tena kwa mume wake wa kwanza, yote yamefungwa kwenye kuingia hashafa. Zaidi ya hapo sharia haikuchukua rula. Na mke wako, ambaye ndiye mwenye haki, hajalalamika. Wanaolalamika ni wavulana wa bafuni, ambao huenda na wao walikuwa wakijificha.

Yamebaki mambo madogo. Kwa madhehebu ya Shafii, kushika utupu kwa kiganja bila kizuizi kunatengua udhu, kwa hadithi ya Busra bint Safwan, hata kama hukukusudia matamanio. Ukitokwa na madhii, yaani majimaji mepesi yanayotoka kwa matamanio kabla ya manii, osha na utawadhe. Ukitokwa na manii, unawajibika kuoga janaba, na kujitoa manii kwa mkono wako ni haramu hata ukaite zoezi. Kumwonyesha daktari utupu kwa haja ya tiba kumeruhusiwa. Kutuma picha yake kwa watu wa mtandaoni wakupimie maendeleo hakuruhusiwi, na ulizotuma ziombe zifutwe. Na ikiwa ulifanya mazoezi hayo mchana wa Ramadhani na manii yakatoka kwa huko kushika, funga ya siku hiyo imebatilika na una deni la kuilipa. Hesabu siku zako uanze kulipa kabla Ramadhani nyingine haijaingia.

Wallahu a'lam.