Kwa nini faili za Kiamhari huonyesha vimraba au herufi zisizosomeka

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama herufi ya Kiamhari huhifadhiwa kama konsonanti iliyobandikwa alama ya irabu, na kwa nini baadhi ya faili za mteja wako zinaonyesha vimraba ilhali nyingine zimejaa herufi za Kilatini zisizo na maana. Kazi yangu hapa Nairobi ni kupanga kurasa za vipeperushi, vikiwemo vya Kiamhari na Kitigrinya, kwa hiyo nitajibu kwa yale ninayokutana nayo mezani.

Irabu haihifadhiwi peke yake. Herufi za Kihabeshi, ambazo wenyewe huziita fidel, ni za silabi: ni kama ile ba, be, bi, bo, bu ya darasa la kwanza, ila kila silabi ina umbo lake. Toleo la 3.0 la Unicode (kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi ya kompyuta namba yake), la mwaka 1999, liliipa kila silabi namba yake, tofauti na Kihindi ambacho alama zake za irabu zina namba zao. Namba hizi huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, ambamo baada ya 9 huja A hadi F. Safu ya L huanza na ለ kwenye 1208, kisha ሉ 1209, ሊ 120A, ላ 120B, ሌ 120C, ል 120D na ሎ 120E, na nafasi ya nane, 120F, ni ya ሏ, yaani lwa. Kwa kuwa safu hupangwa kwa nafasi nane nane, mtunga programu anaweza kuigundua irabu kwa kugawa namba kwa nane na kutazama baki, ingawa safu chache, kama ile ya ቈ, zina mapengo na mpangilio wake ni tofauti.

Vimraba havina hatari. Namba iliyomo ni sahihi, ila fonti yako haina umbo lake. Weka fonti ya Abyssinica SIL au Noto Sans Ethiopic na vitatoweka. Vikibaki kwenye maandishi ya Kigurage (lugha nyingine ya Ethiopia) pekee, jua kwamba herufi zake za ziada ziliongezwa baadaye, nyingine mwaka 2005 na nyingine mwaka 2021, hivyo fonti ya zamani haizijui.

Zile herufi za Kilatini ndizo zinazohitaji kazi. Kabla ya Unicode, fonti ilikuwa na nafasi zisizozidi 256, na fidel zote hazikuenea humo; watengenezaji wakachora silabi juu ya namba za Kilatini, kila mmoja kwa mpangilio wake, na mara nyingi wakazigawa katika fonti mbili au zaidi. Kwa hiyo faili hiyo haina Kiamhari ndani yake, ina Kilatini kilichovishwa sura ya Kiamhari. Usinakili maandishi hayo kwenye programu ya maandishi matupu, kwa sababu jina la fonti hupotea na hutajua tena kila herufi ilitoka kwenye fonti ipi. Muulize mteja jina la fonti, itunze faili ya asili, kisha utafute kigeuzi cha fonti hiyohiyo.

Mchangiaji mwingine amelalamika kwamba utafutaji wa maneno unashindwa hata kwenye faili nzuri. Kiamhari kina herufi zinazotamkwa sawa, kama ሰ na ሠ, au ጸ na ፀ, hivyo neno la jua huandikwa ፀሐይ na pia ጸሐይ, na kwa kompyuta hayo ni maneno mawili. Kwa maoni yangu Unicode ilifanya vyema kutoziunganisha, maana Kitigrinya bado hutofautisha ሀ na ሐ katika matamshi. Zigeuze ziwe herufi moja kwenye nakala ya utafutaji tu, bila kugusa tahajia ya mteja, na ukumbuke kwamba maandishi mengine hutenganisha maneno kwa alama ፡ (1361) badala ya nafasi tupu.

Kuhusu ukubwa, kila silabi huchukua baiti tatu katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuhifadhi namba za Unicode kwenye faili. ለ, kwa mfano, ni E1 88 88. Kwenye SMS ujumbe mmoja hukomea herufi 70 badala ya 160, ingawa hizo 70 ni silabi, hivyo hubeba maneno mengi kuliko unavyodhani.