Muulize Fundi: Sinema ya sebuleni isiyovuma

*Shikamoo Bi Fundi. Nipo Tanga, Raskazone. Kompyuta yangu ya zamani ya ofisini, ile ya kusimama, nimeiweka chini ya TV ya inchi 43 iwe ndiyo sinema ya nyumbani: filamu, taarabu, na mikanda ya harusi yetu ya mwaka 2006 niliyoihamishia kwenye diski. Picha safi. Tatizo makelele. Nikiweka filamu za siku hizi feni inapanda kama bodaboda mlimani, na mama mkwe analala chumba cha pili. Kijana wa dukani kanishauri ninunue kadi ya picha ya magemu pamoja na mtambo wa kupozea kwa maji. Mke wangu naye kasema hataki kuona boksi, waya wala kibodi sebuleni. Nifanyeje? – Baba Watatu*

Marahaba, Baba Watatu. Kwanza funga pochi. Kadi ya magemu huja na feni zake, mara nyingi mbili au tatu. Mtambo wa maji una pampu, na pampu nayo ina wimbo wake. Wahenga wana msemo kuhusu mtu anayeruka mkojo. Malizia mwenyewe, hili ni gazeti la familia.

Mimi kabla sijafungua kibanda Kariakoo nilikaa miaka kumi na moja kwenye chumba cha mitambo cha redio. Kipaza sauti cha studio hakina huruma, kinasikia hata kiti kikilalamika. Kompyuta zetu tulizihamishia chumba cha nyuma, tukatoboa ukuta kupitisha waya. Huko nilijifunza kutoilaumu feni. Feni ni mpiga mbiu tu. Kelele ni joto linalotafuta mlango, kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: hilo joto analitengeneza nani?

Jibu umeshalitoa bila kujua. Umesema kelele huanza kwa filamu za siku hizi. Nyingi kati ya hizo zimefungwa kwa mtindo wa H.265, ambao unabana faili liwe dogo lakini kulifungua ni kazi. Ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel zenye sehemu yake ya picha kuna kijisehemu kinachofanya kazi kama king'amuzi: mtindo kinaoujua, kinaufungua chenyewe kwa umeme kidogo sana na prosesa nzima inasinzia. Mtindo kisioujua, prosesa inabidi ivae kibwebwe na kuufungua kwa hesabu, fremu moja baada ya nyingine. Ni tofauti ya kupepeta mchele kwa ungo na kuokota mawe punje kwa punje. Mashine yako inaokota mawe.

Sasa shika hii unapokwenda dukani. Kizazi cha 6 cha Intel, cha mwaka 2015, kinafungua H.265 ya kawaida. Kizazi cha 7 kinafungua na ile ya biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi, ambayo ndiyo imejaa kwenye filamu za 4K. Mtindo mpya zaidi, AV1, ambao YouTube wanautumia, ulianza kueleweka kizazi cha 11. Kizazi kinasomwa kwenye jina lenyewe: i5-7500T, ile 7 baada ya kistari ni kizazi cha saba, i5-11500T ni cha kumi na moja. Na hiyo T mwishoni usiipuuze. Inamaanisha prosesa imepangiwa wati 35, wakati ndugu yake i5-7500 asiye na T amepangiwa 65. Kwa mtu anayetafuta ukimya, herufi hiyo moja ina thamani kuliko stika zote zilizobandikwa kwenye kasha.

Kwa hiyo usijenge kitu kipya. Nunua zile kompyuta ndogo za maofisini za mtumba: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Zote zina ukubwa wa kama sentimita 18 kwa 18 na unene usiofika nne, yaani kama vitabu viwili vya hadithi ulivyovilaza. Zinapatikana kwa sababu maofisi yanazitoa: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizipokei rasmi mashine za kizazi cha 7. Hasara ya ofisi, faida yako. Wewe hutaki Windows. Utaweka LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux usio na kazi nyingine ila kuwasha Kodi, programu ya kuchezea filamu na muziki. Kodi hii ilizaliwa kwenye Xbox ya kwanza, ile mashine ya magemu, ikaitwa XBMC miaka mingi hadi ilipobadilishwa jina mwaka 2014. Yangu, ya i5-7500T, niliipata kwa laki tatu na nusu baada ya kubishana hadi muuzaji akaniagizia chai.

Hapo dukani usione haya. Mwambie aiwashe, kisha inama utege sikio. Feni inayovuma kwa usawa haina neno, hiyo ni vumbi. Feni inayokwaruza au kupiga tik-tik, beringi imekwisha, punguza bei au ondoka. Dai adapta yake halisi, hasa kwa Dell: ikiona adapta isiyoitambua, inatoa onyo na kupunguza mwendo wa prosesa, kisha utamtukana fundi bure. Ramu chukua vipande viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha 8, maana picha inakula ramu hiyohiyo na vipande viwili vinaipa njia mbili. Diski ya mfumo iwe SSD. Hata ndogo kabisa inatosha, na haina kinachozunguka ndani.

Ukifika nyumbani, ifungue. Skrubu moja nyuma, mfuniko unateleza. Zuia feni kwa kidole kabla ya kupuliza vumbi, usiiache izunguke kama tiara. Ng'oa chuma cha kupozea, futa ile dawa ya kupitisha joto kati yake na prosesa, iliyokauka kama ugali wa juzi, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, rudisha. Kazi ya nusu saa. Mashine nyingi ninazoletewa kwa shtaka la kelele huponea hapo.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya bodi kwa kubonyeza kitufe chake mashine inapowaka: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Zima Turbo, ile hali ya prosesa kujiongezea mwendo yenyewe. Kwa kucheza filamu huihitaji, na ndiyo inayofanya feni ishtuke ghafla kila unapofungua menyu. Sikio husamehe mvumo wa kudumu, halisamehi unaopanda na kushuka. Ukiwa humohumo, tafuta "AC Recovery" au "After Power Loss" uiambie iwake yenyewe umeme ukirudi. Nyumba yenye mama mkwe haifai kusubiri Baba Watatu atoke kazini ndipo taarabu iendelee.

Sasa shemeji, ambaye naona ndiye mwenye nyumba. Mashine hizi zina bati lake la kuzifunga nyuma ya TV. Ikishafungwa huko, boksi halionekani na mwili wa TV unakukinga na sauti iliyobaki. Acha nafasi ya vidole vitatu kati yake na ukuta. Rimoti ya TV haitaiendesha moja kwa moja, kwa kuwa kompyuta za aina hii hazina ile lugha ya HDMI ya kuamriana na televisheni. Nunua rimoti ndogo isiyotumia waya, ile inayokuja na kipande chake cha USB, au weka programu ya Kore kwenye simu yako ya Android. Kibodi utaihitaji siku ya kwanza tu, azima.

Nimekuambia nafasi ya vidole vitatu kwa sababu nimeadhibiwa. Ya kwangu ya kwanza, pale Magomeni, niliitengeneza bila feni kabisa, bati tupu la kupozea, nikajisifu, nikaifungia kwenye kabati la vioo asiione mtoto. Dakika arobaini ndani ya filamu picha ikaanza kukatika. Mama akasema, "Hiyo imeungua." Haikuungua, ilikuwa inajipunguza mwendo isiungue. Hewa ya kabatini ilikuwa moto kuliko ya jikoni, na kimya chote kile kilikuwa cha mgonjwa. Feni moja inayozunguka taratibu penye hewa ni bora kuliko ukosefu wa feni ndani ya kabati. Tundu za nyuma nimezifunika kwa kipande cha chandarua, na hiyo ni hadithi nyingine: mijusi hupenda joto, na siku moja tik-tik niliyodhani ni beringi ilikuwa mkia. Chandarua kioshe kila mwezi, la sivyo kitakaba hewa.

Diski yako yenye filamu na harusi ndiyo kelele ya pili, nayo watu huisahau. Diski inayozunguka haipigi kelele sana yenyewe. Inaitikisa mbao iliyoikalia, na kabati zima linageuka ngoma. Kata ndala kuukuu vipande vinne, ikalishe juu yake. Usicheke, jaribu kwanza. Nilifikiria kukushauri ile mashine ya kusimama uihamishie stoo iwe ghala la filamu, uvute waya wa mtandao hadi sebuleni, kama tulivyofanya redioni. Inawezekana kabisa, lakini kwa familia moja ni kulisha ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa. Mashine kama yako ikila wati 60 kwa saa nne kila siku, ni kama uniti 7 za luku kwa mwezi. Hii ndogo ikiwa inacheza filamu kwa wati 15, haifiki uniti 2.

Kuhusu hiyo harusi ya 2006. Mikanda ya kwetu ilipigwa kwa mtindo wa PAL, picha 25 kwa sekunde, kila picha imegawanywa mistari ya shufwa na ya witiri. TV ikiwa imewekwa kwenye mapigo 60 kwa sekunde, 25 haiingii kwenye 60 sawasawa, ndiyo maana bibi harusi akipita mbele ya kamera anaonekana kama anarukaruka. Na kingo za shela kuwa na meno ya kitana, hiyo ni ile mistari isiyounganishwa vizuri. Ndani ya Kodi nenda "Player", kisha "Videos", uwashe "Adjust display refresh rate". TV itahamia 50 kwa harusi na 24 kwa filamu za sinema. Halafu video ikiwa inacheza, fungua mipangilio yake uhakikishe "Deinterlace" haijazimwa. Wengi hawalijui hili, wanaulaumu mkanda.

Utajuaje umefaulu? Kipimo changu ni saa ya ukutani. Kaa kwenye kochi usiku, simamisha filamu. Ukiisikia saa inavyogonga, umemaliza.

*Bi Fundi, habari za huko. Mimi ni wa Mombasa, Likoni. Ninatumia Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, na Kodi. Haina feni kwa hivyo haina sauti, lakini kwenye kona ya TV hutokea alama ya radi ya njano na filamu hukwama. Fundi mmoja asema ni joto, niweke feni.*

Njema, jirani wa kivuko. Joto lina alama yake nyingine, ya kipimajoto. Radi ya njano ni njaa ya umeme. Bila shaka unatumia chaja ya simu. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, na waya mwembamba wa chaja hupoteza sehemu ya volti njiani hata kama chaja yenyewe imeandikwa sawa. Nunua adapta yake. Feni usiweke. Itafutie kasha la alumini ambalo lenyewe linagusa prosesa na kunyonya joto. Pi huanza kujipunguza mwendo ikifika nyuzi 80, na kasha zuri likiwa penye hewa huizuia isifike huko. Faida uliyonayo wewe ambayo Baba Watatu hana: Pi inaelewana na rimoti ya TV kupitia HDMI, ukiiwasha sehemu hiyo kwenye mipangilio ya TV.

Ukija kutamani Pi 5, elewa kwamba kile kijisehemu cha kufungua H.264, mtindo uliotangulia H.265, kimeondolewa, kimebaki cha H.265. Filamu zako za zamani zitafunguliwa kwa hesabu. Inaziweza, ila kwa joto zaidi.

*Fundi, nimeona video watu wanazamisha kompyuta nzima kwenye mafuta na inafanya kazi bila feni, kimya kabisa. Je, mafuta ya alizeti yanafaa? – Mwanafunzi, Morogoro*

Hapana, mwanangu. Wale hutumia mafuta ya madini yasiyoharibika. Ya alizeti yatachacha, na siku utakapotaka kubadilisha ramu utaivua kama samaki. Kaangia mihogo.