Nyie mnaoanza kazi ya pomboo, pezi ni kitambulisho chetu sio chao

Wadogo zangu mnaoingia msimu huu kwenye bot za utafiti, iwe Kizimkazi, Shimoni ama Watamu, nina mawili matatu ambayo mimi nilichelewa kuambiwa. Kazi yetu ni kumtambua kila pomboo kwa picha ya pezi lake la mgongoni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa hovyo kabisa, nasema ukweli.

Nilikuwa nawapiga picha wale wenye mapezi yaliyochanika tu. Ukimuona yule mwenye pengo mgongoni kama kisu kimepita unafurahi, huyu namjua, unampiga picha arobaini, wale wenye pezi safi unawaacha maana unaona wote sawa. Kurudi nchi kavu naulizwa wasiokuwa na alama walikuwa wangapi, sina jibu, na bila hiyo hesabu huwezi kukadiria kundi zima. Kwa hiyo piga kila pezi linalotoka, kushoto na kulia, bot ikiwa ubavuni mwao sio nyuma. Alafu msizoee sana alama za meno ya wenzao, zile zinapona na kufutika, pengo la ukingoni ndo linadumu.

Sasa hili ndo kubwa. Wao hawaangaliani mapezi kama sisi. Maji yakichafuka huoni hata mkono wako, na sauti majini inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo wanaenda na sikio. Kila pomboo wa aina ya bottlenose ana mluzi wake mwenyewe, watafiti Melba na David Caldwell wa Marekani waliliandika hilo tangu 1965, na anautunga akiwa bado mdogo.

Huku kwetu mtu akipiga hodi ukauliza nani, anajibu "mimi", na unamfungulia kwa sababu sauti yake unaijua. Pomboo hana hiyo "mimi". Akizama kina, mgandamizo unaibadilisha sauti, kwa hiyo anataja jina lenyewe, yaani ule mpando na mshuko wa mluzi. 2006 mtafiti Vincent Janik na wenzake waliitengeneza hiyo miluzi kwa kompyuta, sauti ya mwenyewe wakaitoa wakabakisha tuni peke yake, wakawapigia pomboo wa Sarasota kule Florida, na bado wengi waligeukia spika zaidi waliposikia mluzi wa ndugu yao. 2013 ikaonekana tena kwamba ukimpigia pomboo nakala ya mluzi wake anaitika. Na hawasahau, mwaka huohuo mtafiti Jason Bruck alionyesha jike mmoja anaitwa Bailey bado anautambua mluzi wa mwenzake Allie, na walikuwa hawajaonana zaidi ya miaka 20. Mimi watu niliosoma nao sekondari nawapita barabarani.

Njia yao ya pili ya kutambuana msicheke, ni mkojo. Pomboo hanusi, ubongo wake hauna kabisa ile sehemu ya harufu, ila anaonja. 2022 Bruck, Janik na mwenzao walimimina mkojo majini, pomboo wakakaa kwenye wa wanaowajua karibu mara tatu ya muda waliokaa kwenye wa wageni, na wakiwekewa mkojo wa fulani pamoja na mluzi wa huyohuyo fulani wanakaa karibu na spika zaidi kuliko mkojo na mluzi vikiwa vya wawili tofauti. Kwa hiyo ukiona mmoja amefungua mdomo karibu na tumbo la mwenzake kule chini, usiandike "wanacheza" kwenye fomu. Andika ulichoona, mdomo wazi, upande gani, sekunde ngapi. Mimi nimeandika wanacheza msimu mzima, zile fomu hazina kazi.

Ndo maana nawasumbua mzime mashine ya bot mkiwa karibu nao. Kelele za mashine ya bot zinaangukia humohumo kwenye miluzi yao, na mama akitengana na mtoto ule mluzi ndo kamba pekee waliyonayo. Asubuhi bot za watalii zikishajazana kundi linabanwa katikati, hapo hata kurekodi hurekodi kitu, ni mngurumo mtupu, bora mkae pembeni msubiri watawanyike.

Ila wewe mgeni usimuamrishe nahodha. Wengi ni wazee wetu, bahari wameijua kabla hujazaliwa. Mwambie, "Mzee, tunaomba tuzime kidogo tuwasikilize," alafu ukishashusha maikrofoni ya majini mpe na yeye hedifoni. Sehemu kubwa ya mluzi sikio la binadamu linaipata. Mzee wangu mmoja miaka yote baharini hakuwahi kuwasikia hivyo, nilipompa alikaa nazo kimya mpaka rekoda ikazima, na siku iliyofuata mashine akazima mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Mimi kurekodi sikurekodi maana chaji yote alikuwa ameimaliza, kwa hiyo bebeni betri za akiba.