Tafuta mtu wa kurushiana naye

Wanawake wa hapa Nairobi wanaoniuliza waanzie wapi kucheza besiboli hutegemea niwatajie klabu, uwanja au duka la vifaa. Mimi huwauliza swali moja: una nani wa kurushiana naye mpira? Mchezo huu nimeupenda tangu ujana na sasa nakaribia miaka hamsini. Ile miaka niliyoacha kuucheza, uwanja ulikuwapo. Niliyemkosa ni mtu wa pili.

Na usiseme hujui kurusha. Kama ulisoma shule ya msingi miaka ya themanini, ulicheza kati. Tulikusanya pakiti za maziwa ya Nyayo, tukazisokomeza kwenye soksi kuukuu, tukashona mdomo, mpira tayari. Wa katikati anakwepa, wawili wa pembeni wanamlenga. Mkono wangu ulifundwa pale. Besiboli yenyewe nilikutana nayo chuoni, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekuja na glovu nne za kudakia na mpira mmoja. Ule mpira niliugeuza mkononi kwa muda mrefu: ngozi nyeupe, uzito wa gramu 145 hivi, mishono 108 ya uzi mwekundu, yote imeshonwa kwa mkono. Akaniwekea vidole viwili juu, vikikatiza ile mishono, akaniambia niurushe. Ukaenda umenyooka kama uzi. Usiku ule usingizi ulinikimbia kwa furaha.

Kuhusu glovu, nenda soko la mitumba la Gikomba mapema, maroboto yakifunguliwa. Zitafute kwenye mafungu ya mabegi na vifaa vya michezo, maana mara nyingi wauzaji wenyewe hawajui ni za nini na bei huwa ya kuelewana. Mtu mzima anatafuta iliyoandikwa inchi 11 na nusu au 12. Lakini angalia mkono! Anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa glovu kushoto, ili mkono wa kurushia ubaki huru. Mimi nilinunua ya kwanza kwa pupa, kufika nyumbani nakuta ni ya mtu wa mashoto. Kamba za ngozi zikiwa zimekatika, fundi viatu atazirudisha. Wangu alitumia uzi uliopakwa nta na umedumu miaka tisa. Ngozi ikikauka, ipake mafuta kidogo, weka mpira katikati, ifunge kwa kamba, uilaze chini ya godoro siku kadhaa. Itajifunza kujikunja.

Sasa bega, na hapa naomba unisikilize. Nilipourudia mchezo nikiwa na miaka 38, siku ya kwanza nilirusha kwa nguvu zangu zote kwa saa nzima. Kwa wiki sita sikuweza kuanika nguo. Anza hatua kumi tu kutoka kwa mwenzako, taratibu, mpaka mwili upate joto. Mguu wa mkono usiorusha utangulie kuelekea unakolenga, kiwiko kisishuke chini ya bega. Maumivu yakiingia ndani ya kiungo, acha siku hiyo. Watoto nao walindwe zaidi: katika Little League, ligi ya watoto ya Marekani, mrushaji wa miaka 9 au 10 haruhusiwi kupita mirusho 75 kwa siku, na hao wana makocha wanaohesabu. Wewe hesabu mwenyewe.

Ukitaka kuufuatilia mchezo wa wakubwa, yaani ligi kuu ya Marekani, chagua timu moja na uangalie saa zake. Mechi ya saa moja jioni New York huanza kwetu saa nane usiku, na kesho ni kazi. Mimi nilichagua Chicago Cubs kwa sababu hiyo hasa. Uwanja wao, Wrigley Field, haukuwa na taa mpaka 1988, na hadi leo wanacheza mechi nyingi mchana. Saa saba na dakika ishirini mchana ya kule ni saa tatu na dakika ishirini usiku hapa, vyombo vimeshaoshwa. Tena sikiliza matangazo ya sauti badala ya video. Bando halitaisha, na besiboli inasimulika vizuri.

Usiku mmoja tu nilivunja sheria yangu ya kutokesha. Mechi ya saba ya fainali ya ligi hiyo ya 2016, dhidi ya Cleveland, ilianza kwetu saa tisa usiku. Cubs hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 1908. Cleveland wakasawazisha katika awamu ya nane, mvua ikasimamisha mchezo dakika kumi na saba, ikaongezwa awamu ya kumi. Nilikuwa ndani ya matatu Jogoo Road, sikio moja lina waya, Cubs waliposhinda 8 kwa 7. Nililia waziwazi, na mama niliyeketi naye akanishika mkono akidhani nimefiwa.

Na akikwambia mtu kwamba huu ni mchezo wa wanaume, mtajie Toni Stone, aliyecheza na wanaume katika timu ya Indianapolis Clowns mwaka 1953, au Mamie Johnson, mrushaji waliyemwita Peanut kwa udogo wa umbo lake. Kisha endelea kurusha.

Mtu wangu wa pili ni jirani anayeuza mboga langoni mwa mtaa wetu, Umoja. Sikumtajia besiboli hata kidogo. Nilimuuliza, “Mama, ulikuwa ukicheza kati?” Akacheka, akafuta mikono kwenye leso, akanipa mgongo kwenda kumwita mwanawe aketi kibandani. Sasa ni kila Jumapili jioni, na watoto wake wameanza kuja. Bintiye mkubwa hurusha kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ile glovu niliyoinunua kwa makosa ameivaa yeye. Bado tunatafuta ya mdogo wake.