Kabla hamjaanza mazoezi, semeni vyombo ni vya nani

Kila bendi ikivunjika Dar maelezo huwa yaleyale: wivu, wanawake, pombe, na akikosekana wa kulaumiwa basi wamerogwa. Nimepiga gitaa la rithimu katika bendi za mji huu tangu enzi za kaseti, na sisi wapiga rithimu tuna bahati moja, hakuna anayetuangalia jukwaani, kwa hiyo tunabaki kuwaangalia wengine. Wivu na pombe nimeviona hata kwenye bendi zinazodumu. Zinazokufa mapema ni zile ambazo mwanzoni kila mtu aliona haya kuuliza vyombo ni vya nani, hela itagawanywaje na nyimbo zitabaki kwa nani. Kwetu kuzungumza hela na rafiki ni kama kumtukana, basi watu hunyamaza, wakaja kuyasema yote usiku mmoja saa tisa, nyuma ya jukwaa, wakiwa wamechoka na wamelewa.

Kuna vijana huwa wananifuata mazoezini Mwananyamala kuniuliza wafanye nini bendi yao isife. Haya ndiyo ninayowaambia.

Tuanze na vyombo, maana historia nzima ya dansi ya Dar imelala hapo. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wanaosubiri mshahara kama karani yeyote. Mtindo huo ukaenea. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, shirika la mabasi likawa na UDA Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, vijana wa chama tawala wakawa na Vijana Jazz. Mlimani Park, hao Sikinde, walianza mwaka 1978 na baadaye wakawa mali ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Polisi, Magereza na JKT nao walikuwa na bendi zao, na huko kuhama hakukuwa kwepesi, maana mpiga tarumbeta mwenye cheo begani haondoki tu kwa sababu amegombana na mwimbaji.

Utaratibu ule ulikuwa na raha yake. Amplifaya ikiungua, shirika linanunua nyingine. Mvua ikinyesha Jumamosi na watu wasije, mwisho wa mwezi mshahara upo. Lakini gitaa unaloligusa kila siku si lako, na ukiondoka unaondoka na vidole vyako tu. Halafu bendi inakuwa imefungwa kwenye uhai wa mwenye mali. Chama cha NUTA kilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikawa Juwata Jazz. Ikaja OTTU, ikawa OTTU Jazz. Leo tunawaita Msondo Ngoma na wengi hawajui hayo majina yalitoka wapi. Hao walivuka. Bendi nyingi za mashirika hazikuvuka salama miaka ya 1990, mashirika yenyewe yalipoanza kubanwa na kubinafsishwa. Hakuna aliyegombana na mtu. Bosi aliamua bendi ni gharama, basi.

Ikaja bendi ya mtu binafsi. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound iliwang'oa mastaa kadhaa wa Mlimani Park, Muhiddin Maalim Gurumo akiwemo, mji mzima ukazungumza Ndekule, mtindo wa bendi hiyo. Bendi ya namna hii ina nguvu ya kununua watu, na kwa kweli haivunjiki kwa urahisi, inabadilisha wachezaji tu kama Simba na Yanga. Tumeliona hilo kwa Twanga Pepeta: waimbaji wameondoka, wameanzisha za kwao, wengine wamerudi, na jina limebaki kwa wenye bendi, African Stars. Ukiingia bendi ya mwenye vyombo, ingia ukijua umeajiriwa. Dai mkataba, dai mshahara au posho inayojulikana, usijidanganye kwamba bendi ni yenu kwa sababu mnaitana ndugu. Mtu anayejua ameajiriwa hachukii akiambiwa avae sare. Anayechukia ni yule aliyedhani ni mwanahisa.

Aina ya tatu ndiyo mnayoitaka ninyi vijana, bendi ya wenyewe. Maquis, waliokuja kutoka Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa na kampuni yao wenyewe, OMACO, na wakadumu miaka mingi wakijaza White House pale Ubungo, ingawa hata wao waliwahi kupoteza watu. Kilimanjaro Band, Wana Njenje, walitokea Tanga wakiitwa The Revolutions, na kwa miongo mingi ukienda kuwaona ulikuta sura za msingi ni zilezile. Si kwamba hawa walikuwa malaika. Mtu mwenye fungu kwenye spika huwaza mara mbili kabla ya kususa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Gitaa, kinanda, vijiti vya drams, kila mtu awe na vyake. Mitambo mikubwa, yaani spika, mikisa, amplifaya na nyaya, inunuliwe na mfuko wa bendi, na daftari lionyeshe nani alitoa nini. Mwenzenu mwenye uwezo akijitolea kununua drams kwa hela yake, msishangilie kabla ya kumuuliza: kaka, hii ni zawadi, ni mkopo, au unatukodisha? Mkopo ndio mzuri, mnamlipa kidogokidogo mpaka chombo kinakuwa cha bendi. Kukodishwa na mwanachama mwenzenu ni sumu. Kila kazi anakula mara mbili, kama mpigaji na kama mwenye drams, na baada ya muda ataanza kuamua wimbo gani upigwe. Nimeliona hilo likitokea kwa watu wapole kabisa.

Pesa sasa. Nitatoa mfano wa hesabu maana maneno matupu hayasaidii. Mmepata harusi ya shilingi 1,500,000 pale Tabata. Gari la kubeba vyombo 120,000. Fundi mitambo 80,000. Mpiga tarumbeta wenu anaumwa, mmeita deiwaka, yaani mpigaji wa kulipwa kwa siku, 70,000. Imebaki 1,230,000. Toeni asilimia 20 ya mfuko wa vyombo kabla hamjagawana, yaani 246,000, ibaki 984,000. Mko wanane, kila mmoja 123,000. Hesabu hii isomwe kwa sauti usiku uleule, kila mtu akiwepo, na kiasi alicholipa mwenye harusi kionekane kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa simu. Kiongozi akitaka fungu la ziada kwa sababu yeye ndiye anayetafuta kazi na kupigiwa simu saa nane za usiku, ni haki yake, ila liandikwe. Fungu la kiongozi likijulikana halina shida. Likigunduliwa ndipo linapovunja bendi.

Mkiwa baa na mnategemea kiingilio, mlangoni wakae watu wawili, mmoja wenu na mmoja wa ukumbi, na vishina vya tiketi vihesabiwe kabla ya kufungua soda. Sina la kuongeza hapo.

Lakini kuna tunza, na hili nitakaa nalo kidogo kwa sababu ndilo lililoua bendi nyingi nilizozipitia kuliko mengine yote. Mtu amefurahi, anapanda jukwaani, anambandika mwimbaji noti za elfu kumi kwenye paji la uso. Mwingine anataka jina lake na la mkewe yatajwe katikati ya wimbo, anatoa hela. Mwimbaji anashuka na mifuko imejaa. Nyuma yake kuna mpiga besi ambaye hajapandiwa na mtu hata siku moja tangu aanze muziki, na mpiga tumba ambaye viganja vimevimba. Mwimbaji anasema, mimi ndiye niliyetunzwa. Ni kweli. Mpiga besi anasema, ungeimba bila besi ungetunzwa na nani? Nayo ni kweli. Asubuhi mmoja anarudi Mbagala kwa bodaboda ya kukopa, mwingine anapita na teksi.

Nimeona kila aina ya suluhisho. Kuna bendi zinazoacha kila mtu ale alichotunzwa. Waimbaji wao hujazana na wapigaji huondoka mmojammoja. Kuna bendi zinazotaka kila senti iingie kikapuni. Hapo waimbaji huanza kuficha, na ukishafika mahali pa kupekuana mifuko, bendi imekwisha hata kama mna kazi Jumamosi ijayo. Ninachokipendekeza ni nusu kwa nusu: aliyetunzwa abaki na nusu, nusu iingie sandukuni jukwaani palepale, mbele ya watu. Mwimbaji bado anapata motisha ya kucheka na wateja, na mpiga besi ana sababu ya kumwombea mwenzake atunzwe sana. Hela ya kutaja majina, yote iwe ya bendi. Wimbo uliokatizwa ni wa wote.

Nyimbo zina ukimya wa aina yake. Mmoja kaja na mashairi, mwingine katunga laini ya solo ambayo ndiyo watu wanaiimba mitaani, wote mmeupanga mazoezini. Wa nani? Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ni ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasajili kazi. Kabla hamjaenda studio, kubalianeni nani anaandikwa mtunzi na wapigaji wanapata fungu gani, kisha kasajilini. Fikirieni kwamba Gurumo, aliyekuwa NUTA tangu 1964 na ambaye sauti yake kila mzee wa Dar anaijua, alipostaafu mwaka 2013 habari kubwa ilikuwa kwamba Diamond Platnumz kamzawadia gari. Nilifurahi kwa ajili yake, na nikajiuliza nyimbo zile zote zilikuwa zimemletea nini. Alifariki Aprili 2014.

Niseme na jambo ambalo wengine hawalipendi: kuvunjika si msiba kila mara. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 tukapata bendi ya Super Volcano. Wapigaji walipojitenga na Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978, wakazaliwa Les Wanyika, na Simba Wanyika wenyewe wakaendelea. Mlimani Park yenyewe ilijengwa na watu waliotoka bendi nyingine. Mji huu umepata muziki wake mwingi kwa watu kuhama. Mwimbaji Bitchuka ameimba Msondo na Sikinde, na wapenzi wa pande zote mbili wanampenda.

Kinachonitisha zaidi leo ni bendi ambazo hazivunjiki kwa sababu hazijawahi kuwepo. Ijumaa mpiga kinanda yuko Masaki na watu hawa, Jumamosi yuko Sinza na wale, Jumapili kwenye bonanza na wengine kabisa. Wote ni deiwaka, wanakutana jukwaani, wanapiga kopi za nyimbo za wengine, wanalipwa, wanaagana. Siwalaumu, kodi ya nyumba haisubiri mazoezi. Ila huwezi kutunga wimbo na mtu ambaye kesho hayupo. Mkitaka kuwa bendi, tengeni siku mbili za wiki ambazo hakuna anayechukua kazi ya nje, na zilipwe nauli kutoka kwenye mfuko, hata kama ni ya daladala tu. Siku nyingine mwacheni mtu akatafute riziki bila kumwita msaliti.

Na mtu akiamua kuondoka, aondoke kwa utaratibu mlioukubali mapema. Amalizie kazi zilizokwisha kulipiwa kianzio. Alipwe fungu lake la vyombo, kwa awamu kama hamna. Nyimbo alizotunga mkubaliane kama bendi itaendelea kuzipiga na kwa fungu gani. Jina la bendi linabaki na wanaobaki. Asije akafungua ukurasa wenye jina hilohilo na neno Original mwishoni, tumeyaona hayo. Na kama yeye ndiye aliyekuwa anashika Instagram na YouTube ya bendi, akabidhi akaunti, na nywila zibadilishwe mbele yake siku hiyohiyo kabla ya chakula cha kumuaga.