Kasino Malindi: pesa ya mjomba peke yake haitoshi

Ndugu yangu, umeuliza kama mjomba wako na mamilioni yake anaweza fungua kasino hapa Malindi bila kuchunguzwa. Hapana, na isiwezekane kabisa. Cheki Nevada kule Marekani, Gaming Control Board, bodi ya serikali inayosimamia kasino, wanapekua akaunti za benki, kodi, madeni, kesi za zamani mpaka washirika wako wa biashara, na gharama za uchunguzi unalipa wewe mwombaji, ukinyimwa leseni hazirudi, halafu kuthibitisha kwamba uko safi ni juu yako sio juu yao. Kubwa ni pesa imetoka wapi, maana mtu ananunua chipu, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa, na hela chafu, anacheza kidogo tu, anarudi kaunta kubadilisha, anasema nimeshinda, na hela chafu inaonekana safi. Mjomba aanze kupanga karatasi zake mapema.