Mkristo kupanga kwa mwenye nyumba Muislamu, Temeke: majibu yangu

Mkuu umesema wewe ni Mkristo wa Mbeya, umepata chumba Temeke kwa bibi Muislamu, na wenzako wa kanisani wanakutisha eti Waislamu wanafuga majini na watakutenga. Mi nimetokea Tukuyu, Moravian kabisa, na nimekaa Temeke miaka kibao kwenye zile nyumba za korido katikati, choo na bomba uani.

Maneno utayasikia, usidanganyike. Sisi kwao walevi, wachafu, tunaishi na wanawake bila ndoa. Kwetu nako wao hawapendi shule, kazi yao sherehe na talaka. Ila ugomvi wa pale uani ulikuwa umeme wa LUKU na maji tu, dini inaingizwa baadaye mtu akishakasirika. Sheria ya bibi ilikuwa moja, kitimoto, yaani nguruwe, isiingie humu, ukila huko baa ni juu yako.

Kinachonichekesha ni kwamba mambo mengi tunayoita ya dini ni ya pwani na bara. Alifariki mpangaji mwenzetu wa Bukoba, Mkatoliki, maiti ikakaa mochwari tukichanga hela ya kusafirisha, akina mama wa uani wakawa wanauliza nyie mna roho gani, mtu mnamweka kwenye friji. Na sisi tunawasema wao mtu kafa asubuhi, saa kumi jioni kashafukiwa hata kaka yake hajafika. Sasa chumba cha mbele alikuwepo Mzaramo wa Kisarawe, Mlutheri tangu babu yake, huyo mwanae alivyovunja ungo alichezwa ngoma vilevile kama wa Waislamu, kanga, vigelegele, usiku kucha. Na Mchaga wa Machame, swala tano hakosi, Disemba ikifika yuko kwenye basi la Moshi kama Wachaga wengine wote. Hao wawili ukiwaweka kwenye zile sifa hawaenei.

Hata hilo la shule, wamisheni walijenga sana Kilimanjaro, Bukoba na kwetu Rungwe, mzazi wa Kiislamu akiogopa mwanae atarudi kabatizwa, mpaka serikali ilipokuja kuzitaifisha nyingi kuanzia 1969 wenzao walishatangulia mbali. Halafu mtu anakaa kijiweni anasema wavivu.

Sikufichi, kuna kipindi utani unakata. Oktoba 2012 kule Mbagala watoto walibishana, mmoja akadaiwa kukojolea msahafu, watu wazima wakaenda kuchoma makanisa. Siku ile bibi alifunga mlango wa uani akakaa barazani mwenyewe na bakora yake, akasema hapa haingii mtu kuuliza nani anasali wapi. Lakini hata humo ndani salamu zilipungua, watu wakawa wanapika kimya kimya, na ilichukua muda, nadhani mpaka Idi ya mwisho wa mwezi uleule ndo sahani za pilau zikaanza kuzunguka tena vyumbani.

Majini sijayaona. Adhana ya alfajiri itakuamsha, na mkesha wa walokole mtaa wa pili hautakuacha ulale, hapo hakuna wa kumlaumu mwenzie. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita muulize dalali LUKU mnachangiaje na maji yanatoka siku gani.